Vyuma Tulivyokuchagulia, Shemeji

Mpendwa shemeji Joel,

Barua hii hutaisoma. Ukiwekewa mkononi utaikunja vizuri, utaitia mfukoni mwa koti na kusema utaishughulikia, kama ulivyokuwa ukifanya na karatasi za wakulima. Lakini wapo watakaoisoma, na baadhi yao ni wale tuliokuwa tukicheza nao gofu Jumamosi hapa Kericho. Ni kwa ajili yao nimeamua kuiandika waziwazi. Kuna neno walilisema juu yako na hakuna aliyerudi kulifuta. Nimengoja, nimechoka.

Wiki hii yote mvua haijatupa nafasi. Inaanza baada ya chakula cha mchana, mvua ya mawe inagonga mabati ya duka mpaka mteja anapiga kelele ndipo nimsikie anataka misumari ya ukubwa gani. Siku kama hizi ulikuwa unapita, koti limelowa, buti zimejaa tope la zizini, unasimama mlangoni ili usinichafulie sakafu.

"Shemeji, kiwanja kitakuwa kimejaa maji leo," unasema.

"Basi tukae."

"Wacha. Twende hivyo hivyo."

Na tulikuwa tunaenda.

Wasiokujua wakisikia gofu watadhani ulikuwa mtu wa pesa. Ulikuwa daktari wa mifugo. Kuanzia Mogogosiek mpaka Kimulot hakuna boma lenye ng'ombe wa gredi wa maziwa ambalo hukuwahi kuingia, mkono umepakwa sabuni hadi begani. Mchezo huu ulikujia kwa njia ya ng'ombe. Ukiwa kijana ulimtibu ng'ombe wa meneja mmoja wa mashamba ya chai, naye akakupeleka uwanjani kukuonyesha jinsi ya kupiga mpira. Alipohama nchi ulinunua seti yake ya vyuma, zile fimbo za kupigia mpira. Vilikuwa vyembamba kama visu vya jikoni. Ukivipiga sawasawa, mpira unaondoka bila wewe kuhisi chochote mkononi. Ukikosea hata kidogo, mtetemo unapanda hadi kwenye meno. Ulivipenda kwa sababu hiyo hasa. Ulisema chuma kikikufichia makosa yako hutajifunza.

Mimi ni Mkisii niliyekuja kuuza vifaa vya ujenzi, nikamwoa dada yako mdogo, Chelangat. Siku nilipokuja kwenu na wazee wangu, wewe ndiye uliyenitoa nje mazungumzo yalipokuwa magumu. Uliniuliza nacheza mchezo gani. Nikakwambia drafti.

"Hiyo ni mchezo ya kukaa," ukasema. "Nitakufundisha ya kutembea."

Miaka yote tuliyotembea, nadhani hatukuongea mambo makubwa ila mara chache. Tuliongea juu ya bei ya majani chai, watoto, maziwa, na kwa nini mpira wangu unapenda kwenda kulia. Hata ule mwaka wa fujo baada ya kura hatukuuongea. Watu wa kabila langu walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba. Ulinitoa mjini ukiwa umenilaza nyuma ya pikapu yako chini ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Kwenye kizuizi vijana walikusimamisha, wakakujua.

"Daktari, umebeba nini?"

"Dawa ya minyoo," ukajibu. "Mnataka?"

Wakacheka, wakaondoa gogo. Nilikaa kwenu Kimulot mpaka mambo yakatulia, Chelangat na watoto wakiwa chumba cha pili. Baadaye nilipotaka kukushukuru ulinikatiza ukaniuliza kama nimefanya mazoezi ya kupiga mpira kutoka kwenye mchanga. Nikanyamaza, kwa vile niliona ndivyo ulivyotaka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ulipostaafu, handikapu yako, ile namba inayokuwa ndogo kadiri mtu anavyocheza vizuri, ilianza kupanda. Zamani ilikuwa tisa, ikafika kumi na sita, na ukabaki pale katikati pamoja na sisi tuliocheza kwa kubahatisha. Hakuna aliyeshangaa. Mgongo ulikuwa umechoka kwa kuinamia ng'ombe na mabega hayakuzunguka tena. Ila mimi niliona jambo lingine. Ulikuwa unapiga vizuri, sauti ni ile ile safi, lakini mpira haufiki. Au unapita kabisa. Kwenye lile shimo fupi la kuvuka kijito, ambalo siku zote ulitumia namba tano, mpira wako ulianguka majini kama jiwe.

"Hii chuma imenidanganya," ukasema.

"Kwani umetumia gani?"

"Tano."

Nilikitazama kabla hujakirudisha kwenye mfuko. Kilikuwa namba nane, cha mpira wa karibu. Nikadhani ni macho. Nilikwambia ukapime miwani, ukaenda, ukapewa miwani mipya, na wiki iliyofuata ukafanya vilevile.

Ukaanza kuvilaumu vyuma. Ulisema vimezeeka, nyuso zimelika, shafti, ile mipini yake, zimelegea. Nami nilikuamini. Mtu akikwambia mzigo ni mzito, unaangalia mzigo kwanza.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya mashindano. Tulikuwa wanne. Kwenye shimo la mwisho kabla ya kupumzika ulipiga mpira ukaingia kwenye majani marefu, ukautoa, ukagonga mti, ukautoa tena. Tulipomaliza uliulizwa umepiga mara ngapi.

"Tano," ukasema.

Wenzetu wakatazamana. Ilikuwa saba. Mmoja wao, mtu niliyemuuzia mabati ya nyumba yake, akakuhesabia pigo kwa pigo, akionyesha kwa kidole mahali uliposimama kila mara. Ulimsikiliza kwa heshima. Kisha ukarudia, "Nilipiga tano." Kwenye shimo lililofuata ikawa hivyo tena. Tulipofika kwenye jengo la klabu habari ilikuwa imetutangulia. Nilimsikia mtu akisema, bila hata kupunguza sauti, "Daktari siku hizi anaiba."

Jina lako likaondolewa kwenye matokeo. Hukubisha. Ulivua viatu, ukavipangusa kwa gazeti, ukavifunga kwenye mfuko. Ndani ya gari, tulipovuka mto, ukasema, "Shemeji, mimi siibi."

"Najua."

"Nilipiga tano."

Nikaendesha. Mashamba ya chai yalikuwa yametandazika pande zote mbili, kijani kibichi baada ya mvua, na wewe ulikuwa unayatazama kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa.

Ninyi mliosema lile neno, huyu ndiye mliyemwita mwizi. Alikuwa tayari mgonjwa na sisi sote hatukujua.

Wiki hiyo ulikuja dukani ukaniambia umeamua kununua vyuma vipya. Hukuwahi kununua vipya maishani. Ulikuwa umefurahi kama bwana harusi. Tulikaa nyuma kwenye mifuko ya saruji, simu yangu katikati yetu, tukitazama picha. Nakumbuka ubishi wetu. Nilikwambia mtu wa handikapu kama yako anahitaji chuma chenye mgongo uliochimbwa, uzito umesukumwa pembeni, ili ukigonga mpira kwa ncha au kwa kisigino bado uende mbele. Ukasema hivyo ni vya watu wanaoogopa. Nikakwambia hapa kwetu ardhi ni laini mwaka mzima, chuma chembamba kinajichimbia kama jembe, bora chenye kitako kipana kinachoteleza juu ya majani. Hapo uliitazama tena ile picha. "Hiyo ni kweli," ukasema. Nilijivunia kwa siku nzima kwamba nimekushinda kwenye jambo moja la gofu.

Tukaenda Nairobi. Katika duka lile alituhudumia dada mmoja mpole, jina lake Njeri, akakupa vyuma mbalimbali upige mipira kwenye wavu huku mashine ikipima. Ulivua koti. Alikutazama ukipiga michache kwa vyuma ulivyotoka navyo nyumbani, akauliza una miaka mingapi ukivitumia.

"Kabla wewe hujazaliwa," ukasema.

"Basi vimekufanyisha kazi ngumu bure, Daktari."

Akakuletea aina moja yenye shafti nyepesi za grafaiti, kwa ajili ya mabega. Ukaigeuza, ukaona nyuma imechimbwa, ukakunja uso.

"Hizi si za watu wanaoanza?"

"Hapana. Ni za watu wanaocheza Jumamosi peke yake."

Ulicheka, na mimi nikacheka. Ulipiga namba saba na mpira ukapanda juu, laini, jinsi nilivyokuwa sijauona mpira wako ukipanda kwa muda mrefu. Ukapiga mwingine, na mwingine. Njeri alieleza kwamba vyuma vya siku hizi nyuso zake zimesimama zaidi, kwa hiyo saba hii inakwenda kama sita ya zamani, nawe itabidi ujifunze upya umbali wa kila kimoja. Alishauri tuache namba nne kabisa, tuweke mahali pake kile chenye kichwa cha mviringo kinachonyanyua mpira kwa urahisi, tena tuongeze kimoja kifupi cha kuziba pengo karibu na grini, pale kwenye majani mafupi yenye shimo. Nilimwuliza maswali mengi. Wewe hukuuliza kitu. Ulikuwa umeshika kile chuma, unakitazama chini, pale namba ilipoandikwa.

"Shemeji," ukasema polepole, "hii ni ngapi?"

"Si ndiyo saba uliyokuwa unapiga?"

"Eeh. Saba." Ukasugua ile namba kwa kidole gumba, kama kwamba kuna uchafu juu yake.

Njeri alinitazama. Nilitazama pembeni, nikamwambia atufungie seti hiyo.

Njiani ulikuwa mchangamfu. Tulisimama Kedowa ununue viazi. Ulichagua, ukabishana bei na yule mama kwa Kipsigis mpaka akacheka, tukapakia. Nilipokuwa nawasha gari ukafungua mlango, ukashuka, ukamwendea mama yule yule ukaanza kuchagua viazi. Alidhani unatania. Nilishuka nikakushika mkono, nikasema tumeshanunua. Ulitazama nyuma ya gari, ukaviona, ukarudi ukakaa.

Tulikuwa tumebakisha mwendo mfupi kufika Kericho uliponigeukia, uso wako umejaa upole.

"Wewe unaonekana mtu mzuri," ukasema. "Mimi niko na dada mdogo nyumbani. Anaitwa Chelangat. Bado hajaolewa."

Niliendelea kushika usukani. Nikasema, "Nimesikia ni mtu wa bidii."

"Sana. Lakini ujiandae, wazee wetu ni wagumu."

"Utanisaidia?"

"Nitakutoa nje wakianza kelele," ukasema, ukaegemeza kichwa kwenye kioo ukalala.

Chelangat alipotufungulia lango, ukamwita kwa jina, ukamtania juu ya uzito wake, ukamwonyesha vyuma vyako. Ulikuwa umerudi. Sikumwambia kitu jioni hiyo. Nilimwambia asubuhi, akiwa anakamua, naye akaacha kukamua akaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Akasema amejua tangu Pasaka. Ulikuwa umemwita kwa jina la mama yenu.

Vyuma vile vilikuwa sahihi, shemeji. Hilo nataka lijulikane pia. Tulivitoa uwanjani mara moja tu. Nilikuwa nimemwomba Mungu kwamba lile tatizo liwe ni shafti, uzito, mwinuko wa uso wa chuma, chochote kinachonunulika. Shimo la kwanza ulicheza vizuri kuliko sisi sote. La pili pia. Nilianza kuhisi kwamba pengine safari ile ilikuwa uchovu tu. Kwenye la tatu mpira wako ulikuwa katikati ya uwanja, umelala vizuri. Nilikupa namba saba mwenyewe. Ukasimama, ukapanga miguu, ukainama, na nikaona kwamba umegeuka. Ulikuwa unaelekea kwenye chai.

Nilifungua mdomo, na mkono wako ukawa umeshapanda.

Sijaona mtu wa umri wetu akipiga chuma namna ile. Mpira ulitoka bila kelele, ukapanda juu ya ukingo wa miti, ukakaa huko angani, ukashuka taratibu katikati ya mashamba ya chai ambapo hakuna shimo wala bendera. Ulibaki umesimama na mikono juu, kama walivyo watu kwenye picha, ukiufuata kwa macho.

"Imefika?" ukaniuliza.

"Imefika," nikasema.

Yule wa mabati alikuwepo. Alivua kofia akaishika mkononi, na nikaona ameelewa. Lakini mtu kuelewa peke yake kando ya uwanja si sawa na kwenda kuwasahihisha wale aliowaambia jambo baya. Hajaenda mpaka leo.

Daktari wa hospitali alituonyesha picha ya ubongo wako, akatueleza kwa maneno ya upole kwamba ugonjwa huu haurudi nyuma. Mkeo, mama Cherono, aliuliza kama ni kwa sababu ya dawa za kupe ulizopulizia ng'ombe miaka yote. Yule daktari akasema hawezi kujua. Wewe ulimuuliza yeye anafuga ng'ombe wangapi.

Tangu siku hiyo gofu ikaisha. Nilijaribu kuendelea bila wewe, nikaona natembea tu. Mama Cherono alinitaka nivichukue vyuma, nikavijaribu. Havinifai. Shafti ni nyepesi mno kwangu, nakuwa na haraka, mpira unakwenda kushoto. Vilichaguliwa kwa ajili ya mabega yako na mwendo wa mikono yako, na hakuna mtu mwingine mwenye mwendo ule. Nikavirudisha kwenu. Namba saba umeifanya fimbo ya kutembelea. Unaishika kichwa chini, unaichomeka kwenye tope la zizi, na mkeo alipotaka kukunyang'anya nikamwambia aache.

Kuna siku nilipokuja nikaiona mikono yako imeizunguka ile fimbo sawasawa, kidole kidogo kimeshikana na cha pili yake, vile ulivyonifundisha kushika chuma. Nilingoja. Ulimfukuza kuku nayo, basi.

Watu huniuliza kama bado unanijua. Hapana. Chelangat unamjua siku nyingine, na hizo siku analia zaidi. Mimi sijarudi kwenye kichwa chako tangu mvua za mwaka jana. Ile safari chini ya magunia umeisahau. Nilikusimulia mara moja, nikitumaini, ukasikiliza kwa makini ukasema, "Huyo mtu alifanya vizuri." Mambo mengine yanataka watu wawili kuyabeba, na sasa niko peke yangu upande wangu.

Ila ng'ombe hujawasahau. Niligundua kwa bahati. Nilikukuta barazani, ukanitazama kama mgeni, ukauliza ng'ombe wangu ana nini. Mimi sina hata ng'ombe, wale wa nyumbani ni wa Chelangat. Lakini nilisema hali chakula. Ukanyooka kwenye kiti. Ukaniuliza kinyesi chake kikoje, kama masikio yake ni ya baridi, amezaa lini. Ukaniagiza la kufanya, hatua kwa hatua, kwa sauti ile ile niliyoijua, na ukanionya nisikubali kudanganywa na wauza dawa wa sokoni. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Tangu hapo nakuja na ugonjwa kila Jumamosi. Chelangat ananifundisha dalili kabla sijatoka.

Juzi hakunifundisha. Alikuwa na mafua, nami nilitoka kwa haraka kwa sababu ya mvua. Ukaniuliza, "Yule ng'ombe anaendeleaje?" Nikafurahi kwamba umekumbuka hata kidogo kwamba yupo ng'ombe, na kwa furaha hiyo nikasema amepona kabisa, anakula, maziwa yamerudi.

Ukatikisa kichwa, umeridhika. Ukanyoosha mkono kuniaga.

"Basi usisumbuke kurudi tena," ukasema. "Njia ni mbaya."

Jumamosi nitakuja. Nitasema ni mwingine, ameanza kuchechemea.

Ni mimi, mume wa Chelangat,
shemeji yako.